Heshima ya Kurudi

Katika misiba ya pwani kuna maneno yasiyokosekana: ajali haina kinga. Katika Mji wa Kale wa Mombasa utayasikia barazani Kibokoni, utayasikia Ndia Kuu, na hasa utayasikia siku ambayo bahari imechukua mtu. Ni maneno ya huruma. Humtua mfiwa mzigo wa kujiuliza kila usiku angefanya nini, na hakuna mwenye utu atakayesimama mbele ya mama aliyefiwa na mwana akaanza kuyakosoa. Lakini maneno yanayofaa matangani hayafai bandarini. Kabla chombo hakijang'oa nanga, kabla kijana hajaruka majini kutoka ukutani, ajali nyingi zina kinga, na kinga hiyo mara nyingi ni jambo tulilolifanya kuwa la aibu: kughairi.

Swali linalonisumbua ni hili. Kujua hatari kuna maana gani, ikiwa anayejua na asiyejua wanaingia majini siku ileile, saa ileile, mahali palepale?

Mombasa inafaa sana kuulizia swali hilo. Maji ya kisiwa hiki hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Maji yote yaliyoingia katika hori ya Tudor na ya Port Reitz hayana budi kutoka tena kupitia milango ileile myembamba, huku Bandari ya Kale chini ya Fort Jesus na kule Kilindini. Juu utaona bahari imetulia kana kwamba haina neno. Chini mkondo unakwenda mbio. Katika maji hayohayo vijana wa Mji wa Kale hupiga mbizi, wavuvi hutoka kwa mitumbwi na mashua kwenda nje ya mwamba, na maelfu ya watu huvuka Likoni kwa feri asubuhi na jioni. Hakuna hata mmoja wao asiyejua kwamba maji huua. Mtoto mdogo wa mtaani atakueleza habari za mkondo, na atakuonyesha mahali pasipoogwa. Kwa hiyo tukisema watu huzama kwa ujinga, tutakuwa tumejipumzisha mapema mno. Wengi huzama wakijua.

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si la maji ya chumvi peke yake. Katika milima ya magharibi mwa Marekani na Kanada kuna watu wanaopanda pikipiki za theluji, mashine zenye mkanda mpana mahali pa gurudumu la nyuma, wakikwea nazo miteremko mikali kwa ajili ya ile raha ya kuwa peke yao juu ya weupe ambao hakuna aliyeukanyaga. Theluji ile huanguka tabaka juu ya tabaka majira yote ya baridi. Pengine tabaka moja dhaifu hufukiwa chini ya nyingine nzito, na juu yake pakabaki laini, pazuri, pasipo dalili ya kuonekana kwa macho ya haraka. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mashine moja waweza kulivunja tabaka lile, na upande mzima wa mlima ukaporomoka. Katika ajali tisa kati ya kumi za namna hii, anayeliamsha poromoko ni yule aliyenaswa au mmoja wa wenzake.

Watu hao hawakukosa mafunzo. Wana taarifa za hatari zenye ngazi tano, kuanzia hatari ndogo hadi hatari ya kupindukia. Wana kozi. Wanabeba sepetu, fito ndefu za kuchomea theluji, na vifaa vya redio vya kumtafutia aliyefukiwa. Mtafiti Ian McCammon alizichunguza ajali 715 zilizotokea Marekani kati ya mwaka 1972 na 2003, na alichokiona kinastahili kusomwa kwa sauti bandarini kwetu: mahali walipopazoea, watu waliosoma sana habari za theluji walijiingiza hatarini sawasawa na waliosoma kidogo. Mazoea yalikuwa yameyala mafunzo. Alitaja pia mitego mingine. Mtu akishaazimia kufika mahali, huona haya kuacha. Kikundi kikiwa na mmoja anayesifika kwa ujuzi, waliobaki huacha kufikiri. Na mtu akiona alama za wengine waliopita, hudhani njia imepimwa.

Badili theluji kwa bahari, na hutabadili neno jingine lolote. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mazoea yana taabu, na kwamba kifo cha wengi harusi. Methali hii ya pili tumezoea kuitumia kama faraja: msiba wa pamoja hubebeka. Mimi naisikia pia kama onyo. Kuna namna ambayo wingi wa watu huifanya hatari ivae nguo za sherehe, na kila mmoja akaingia ndani kwa sababu mwenzake ameingia.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri iliyokuwa ikivuka kati ya Mtongwe na kisiwa ilipinduka karibu kabisa na ukingo. Watu 272 walikufa. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi chake. Siwalaumu marehemu, walikuwa raia waliokuwa na safari zao, na kazi ya kuhesabu abiria na kuzuia chombo haikuwa yao. Lakini nafikiri sana juu ya hatua ile moja ya kutoka nchi kavu kuingia chomboni. Aliyeingia alikuwa na macho, aliona pamejaa. Aliona pia kwamba watu wengine wanaingia, nao wametulia. Mimi nakutazama wewe, naona hujashtuka. Wewe wanitazama mimi, unaona sijashtuka. Na kati yetu hakuna anayeyatazama maji. Hivyo ndivyo jambo ambalo kila mmoja amelijua huweza kugeuka kuwa jambo lisilojulikana na yeyote.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa theluji wamelipima, na wavuvi wetu wanalielewa bila vipimo. Vifo vingi havitokei siku ya ngazi ya tano, siku ambayo mlima wenyewe unanguruma. Hutokea zaidi siku ya ngazi ya tatu, ile ya katikati. Kwetu vilevile. Kusi ikichacha mwezi wa Juni na Julai, mawimbi yakipasuka juu ya mwamba mpaka ngurumo yake inafika mjini, mwenye mtumbwi hahitaji mtu wa kumshauri. Siku ya kuogopwa ni ile ya maleleji, upepo usipojua uelekee wapi, asubuhi nyeupe na wingu moja tu mbali. Siku hiyo bahari haisemi ndiyo wala hapana, inasema labda. Na mbele ya labda, akili ya mwanadamu haiketi kama kadhi. Husimama kama wakili aliyekwisha kulipwa: moyo ulishataka kwenda, sasa akili inatafuta hoja za kwenda. Wingu liko mbali. Juzi lilikuwepo na halikutufanya kitu. Fulani ametoka, na fulani si mjinga.

Ikiwa mambo ni hivyo, kuongeza habari peke yake hakutatuokoa, kwa maana kila habari mpya itapewa wakili yuleyule. Kinachotakiwa ni kuuhamisha uamuzi: uondoke majini, mahali ambapo tamaa ina nguvu, uletwe nchi kavu, mapema, mbele ya watu. Na hapa nadhani mabaharia wa kale wa pwani hii walikuwa mbele yetu.

Walihesabu mwaka wa bahari kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya, siku kumi baada ya siku kumi, mwongo baada ya mwongo, na kila mwongo ulikuwa na tabia yake ya pepo na maji. Ahmad ibn Majid wa Julfar, mwanamaji mkubwa wa karne ya 15, katika Kitab al-Fawa'id aliziwekea safari za Bahari ya Hindi nyakati zake, lini kuondoka na lini muda umekwisha. Majahazi ya Ghuba na ya Bara Hindi yaliingia Bandari ya Kale kwa kaskazi na kurejea kwao kwa kusi. Kusi ilipofika kilele chake, bahari ilifungwa. Vyombo vilipandishwa pwani, mbao zikatiwa kalafati, zikapakwa sifa, matanga yakashonwa. Hakuna aliyeamka alfajiri akijiuliza kama leo aende au asiende. Kalenda ilikwisha kujibu. Wala hakuna aliyeitwa mwoga kwa kubaki, maana wote walibaki.

Thamani ya kungoja iliwahi kupimwa katika bahari hii, tena kwa gharama kubwa. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiongozwa na rubani aliyepewa hapo, akafuata kusi, na chini ya mwezi mmoja akawa amefika pwani ya Calicut. Wakati wa kurudi hakungoja msimu. Alitoka Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, na kuivuka bahari ileile kulimchukua takriban miezi mitatu. Mabaharia wake wapatao 30 walikufa njiani, wengi kwa kiseyeye, na waliobaki walikuwa wachache mno kuendesha merikebu zote, hata ikabidi moja, São Rafael, ichomwe moto katika pwani yetu. Merikebu zilikuwa zilezile na nahodha alikuwa yuleyule. Kilichopungua ni subira, na mwenye haraka akachelewa kuliko wote.

Ninachokiona katika kule kufunga bahari ni zaidi ya elimu ya pepo. Ni mpango wa heshima. Mtu mmoja akirudi peke yake kutoka mlangoni mwa bahari, hana budi kuwa shujaa, kwa sababu atapita mbele ya baraza na wavu mkavu, na atayasikia yatakayosemwa. Jamii iliyokwisha kukubaliana mapema humwondolea haja ya ushujaa huo. Desturi hubeba ule ujasiri ambao mtu mmoja hawezi kuubeba kila asubuhi.

Leo tunavyo vitu ambavyo wazee hawakuwa navyo. Idara ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa. Mombasa ina kituo cha kuratibu uokoaji baharini tangu mwaka 2006, na Walinzi wa Pwani wa Kenya walianza kazi mwaka 2018. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi ya tsunami yalipokuwa njiani kutoka Sumatra, habari zilitangulia na watu wakaondolewa fukweni. Kenya ilipoteza mtu mmoja siku hiyo. Somalia, ambako mawimbi yalikuwa makubwa zaidi na hapakuwa na wa kuonya, ilipoteza watu karibu 300. Sitamdharau yeyote anayefanya kazi hizi. Ninachosema ni kwamba ujumbe wa tahadhari hufika kwenye simu ya mtu mmoja, ukamwacha peke yake na tamaa yake, na deni lake, na sifa yake mtaani. Kalenda ya zamani ilimfikia akiwa na wenzake.

Hapa mvuvi ana haki ya kunikatiza. Atasema: yule mwenye pikipiki ya theluji anaifuata raha, mimi naufuata unga. Bahari ikifungwa, sufuria yangu nayo imefungwa. Hoja hii ni ya kweli na haijibiwi kwa mawaidha. Anayemwambia mwenye njaa asiende, kisha akageuka na kwenda zake, amempa nusu ya onyo. Tukumbuke kwamba bahari ya zamani ilipofungwa, kungoja kulikuwa na kazi zake. Palikuwa na chombo cha kutengeneza, tanga la kushona, nyavu za kusuka, na ndani ya mwamba palikuwa na maji ya kuvulia kwa wasiokwenda mbali. Jamii inayotaka watu wake warudi salama haina budi kujiuliza mtu akirudi atakula nini. Akiba ya chama cha wavuvi, mkopo usiodai marejesho katika miezi ya kusi, kazi ya nchi kavu kwa wiki chache: haya ni sehemu ya usalama wa baharini sawasawa na boya na jaketi la kuokolea.

Kuna jambo jingine zito, nalo ni huruma. Kule milimani hutokea mara nyingi kwamba mpanda pikipiki mmoja anakwama katikati ya mteremko, na rafiki yake anapanda kumsaidia. Uzito wa wawili unakuwa ndio unaolivunja tabaka, nao wote wawili wanafukiwa. Kwetu, kijana anaona mwenzake amechukuliwa na mkondo, anaruka kumfuata, na jioni nyumba mbili zinalia. Hata sakafu ya bahari mbele ya Fort Jesus ina ushahidi wake: merikebu ya Wareno Santo António de Tanná ilikuja wakati ngome hiyo ilipozingirwa kuwasaidia waliokuwa ndani, na mwaka 1697 ikazama palepale mbele ya ngome.

Je, tuambiane tusiokoane? La. Aliyefukiwa na theluji akitolewa ndani ya robo saa ya kwanza, huwa na nafasi ya karibu tisa kwa kumi ya kuishi. Ikifika dakika 35 nafasi hiyo imeshuka hadi theluthi hivi. Aliyezama ana muda mfupi kuliko huo. Hakuna ofisi, hata iwe hodari vipi, itakayofika ndani ya dakika hizo. Mwokozi wa kweli ni yule aliye ubavuni mwako. Kwa sababu hiyohiyo, mapenzi kwa mwenzako hayaanzi pale anapopiga kelele. Yanaanza asubuhi, ulipokumbuka kubeba kamba ya kumrushia na dumu tupu la kuelea, ulipojifunza kumvuta mtu bila kuingia majini, ulipomuuliza kama anajua maji yanaanza kupwa saa ngapi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani. Naamini wengi wao walikuwa na watu waliowapenda waliokuwa karibu, mikono mitupu.

Najua pia kwamba kuna atakayesema: siku ya mtu ikifika imefika. Imani hiyo ni yangu pia, na sitaki kuipunguza. Lakini dini iliyotufundisha kudra ndiyo iliyotufundisha kisa cha bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga akamtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Kwamba saa yangu imeandikwa ni jambo la kunituliza baada ya kufanya wajibu wangu. Haikuandikwa ili niitumie kama sababu ya kuuacha wajibu wa kuhesabu abiria, kuziba ufa wa chombo au kutazama wingu. Anayesema kudra kabla ya safari, ili asihangaike, amelichukua neno la wafiwa na kulitumia kuongeza wafiwa.

Wala sitaki mtu anielewe kwamba napendekeza maisha ya kukaa ukumbini. Mji huu usingekuwepo kama watu wasingethubutu. Kila jiwe la Mji wa Kale limesimama juu ya uthubutu wa watu waliovuka maji wasiyoona mwisho wake, na kijana anayepiga mbizi ana ndani yake chembe ya uthubutu ule. Ni jambo zuri, na jamii inayolizima hujizima yenyewe. Lakini walioijenga pwani hii walithubutu na wakarudi, wakasimulia, wakaenda tena msimu uliofuata. Uthubutu usio na njia ya kurudi hauwezi kurithiwa, kwa maana hakuna anayebaki kuwafundisha wengine.

Sasa nalijibu swali langu. Kujua hatari ni kuwa na uwezo wa kurudi. Habari isiyoweza kumgeuza mtu njiani bado haijawa ujuzi wake. Ni mzigo anaosafiri nao. Na uwezo wa kurudi haupatikani kwa mtu mmoja peke yake. Tunapeana sisi kwa sisi, kwa namna tunavyompokea aliyerudi: tukimcheka tumemnyang'anya, tukimkaribisha chai na kumuuliza ameona nini, tumempa.

Kuna methali ya mabaharia isemayo mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba hata azunguke vipi, mwisho atarudi chini. Lakini ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, ndiko maji yaingiako kwanza. Nahodha ameshika usukani, macho yake yako mbele; wenzake wako kwenye tanga; na aliyeinama ngamani akifua maji mara nyingi ni mdogo kuliko wote, yule ambaye desturi haimpi nafasi ya kusema. Yeye ndiye atakayejua kabla ya nahodha kwamba leo maji yanaingia upesi kuliko yanavyotoka. Basi kila chombo kinachotoka Bandari ya Kale, kila kundi la vijana linaloteremkia maji, kila feri inayofungua mlango wake, viwe na agano lililofanywa nchi kavu na kusemwa kwa sauti: yeyote kati yetu, hata yule mdogo wa ngamani, akisema turudi, tutarudi kwanza, kisha ndipo tutamuuliza kwa nini.